Mnaotuambia Tuchague Moja, Tulipeni ya Hiyo Moja

Jumapili iliyopita nilikwenda Magomeni kumsalimia Mzee, tukaishia kugombana. Si ugomvi wa kurushiana viti, jamani, msinielewe vibaya. Ni ule ugomvi wa baba kuzungumza na mtoto kuitikia "ndiyo baba" huku moyoni anachemka. Mada ilikuwa ile ile ya siku zote: gitaa langu la besi. Mzee anataka niliuze.

Alikuwa katikati ya hotuba. Ameshapita kwenye ada alizonilipia, ameshafika kwa mtoto wa jirani ambaye sasa ni mhasibu na amejenga Kibaha, mara redio ikapiga wimbo wa Sikinde. Mzee akanyoosha mkono: "Hebu subiri kwanza." Tukanyamaza wote wawili. Gitaa la solo likaingia, tarumbeta zikafuata, na mguu wake wenye kandambili ukaanza kugonga sakafu taratibu. Wimbo ulipokwisha akapunguza sauti, akakohoa, akaendelea pale pale alipoishia: "Nilikuwa nasema hivi, mwanangu. Achana na hilo gitaa. Mshika mawili moja humponyoka."

Sikucheka. Mzee wangu ni mzee wangu, na chai yake nilikuwa bado sijaimaliza. Lakini kwenye daladala, kutoka Magomeni hadi Sinza, nilikuwa namjibu kichwani kituo baada ya kituo. Majibu yenyewe ndiyo haya. Na si ya Mzee peke yake. Ni ya wote wanaotuambia vijana tuchague moja.

Kwanza niwape hali halisi ili msidhani napiga porojo. Nina miaka 26. Nina shahada, nina deni la mkopo wa elimu ya juu, na nina gitaa la besi la mtumba nililolinunua kwa shilingi 350,000 kwa awamu tatu. Kwa miaka mitatu nimekuwa mwandishi wa kujitegemea kwenye gazeti moja la hapa mjini. Kwa wasiojua, kujitegemea maana yake ni kulipwa kwa habari iliyotoka. Ukikaa mahakamani kutwa nzima na kesi ikaahirishwa, siku hiyo hukufanya kazi. Ukileta habari nzuri, kisha tangazo likaja saa kumi na moja jioni likala ukurasa, hukufanya kazi. Nauli yako, wali maharage wako, bando lako.

Mwezi huu mhariri akaniita. Habari njema: kuna nafasi ya ajira ya kudumu na jina langu limo. Mkataba, bima ya afya, mshahara unaojulikana tarehe. Nikaanza kumshukuru Mungu pale pale kwenye kiti. Kisha akavua miwani. "Nasikia una bendi." Nikamwambia ndiyo mkuu, tunapiga Jumamosi, na Alhamisi mara moja moja. Akasema, "Mimi nataka mwandishi. Sitaki mpiga muziki anayeandika. Nenda kafikirie, uchague moja." Akanipa hadi Ijumaa ya wiki hii.

Kwa hiyo wakati Mzee ananipigia methali, mimi nilikuwa na tarehe ya mwisho mfukoni.

Sasa twende kwenye hoja.

Hebu nionyesheni mtu katika mji huu anayefanya moja. Nionyesheni mmoja tu! Mwalimu ana duka la vifaa vya shule. Nesi anauza vitenge wodini akimaliza zamu. Mhasibu ana bodaboda tatu barabarani na kila jioni anasubiri hesabu. Mhariri wangu mwenyewe, namheshimu sana, anafuga kuku Mbezi. Kila Jumanne anakuja na trei za mayai chumba cha habari, na mimi ni mteja wake mwaminifu. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Mkuu, sisi tunataka mhariri, hatutaki mfuga kuku anayehariri." Anasifiwa. Anaitwa mjasiriamali.

Na kuna wengine ambao hatupendi kuwataja. Kila chumba cha habari kina yule mwenzetu anayemwandikia mwanasiasa hotuba usiku, na asubuhi anakwenda kuripoti hotuba ile ile kama habari. Kuna yule anayetoka kwenye semina na bahasha, na habari inatoka ikiwa tamu kuliko semina yenyewe. Hao nao wameshika mawili, tena mawili yanayopigana. Moja linaua lingine. Lakini sijawahi kusikia wameitwa ofisini wakaambiwa wachague. Mimi Jumamosi usiku napiga besi Mwananyamala, simdanganyi msomaji yeyote, simli mtu rushwa, na mimi ndiye wa kuchagua?

Kwa hiyo tuambiane ukweli. Kinachokatazwa si mawili. Kinachokatazwa ni muziki.

Muziki bado unaitwa uhuni hata na watu wanaoucheza harusini mpaka viatu vinavuka. Tuliona miaka ya 1990 jinsi vijana wa kufokafoka walivyoitwa wahuni, wavaa suruali za kushuka, waliokosa malezi. Haya, muda ukapita. Mr II, yaani Sugu, akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Professor Jay akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, yeye aliyewahi kuwaimba wanasiasa na ahadi zao za uongo. Mwana FA akashinda Muheza mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa. Sisemi kwamba ubunge ndio kipimo cha mwanamuziki. Kwa wengine ni kushuka daraja! Ninachosema ni kwamba wale wale waliowaita wahuni walisimama kwenye foleni ya kura, kisha wakaanza kuwaita waheshimiwa.

Nirudi kwa Mzee na Sikinde yake, maana hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wetu.

Mzee, Sikinde unayoipenda, kwa jina rasmi Mlimani Park Orchestra, ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo hiyo DDC iliyobandikwa mbele ya jina. Wapinzani wao, Msondo, walianza mwaka 1964 wakiitwa NUTA Jazz. NUTA kilikuwa chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikaitwa JUWATA. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo pale Ubungo, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. UDA Jazz ilikuwa ya shirika la mabasi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Polisi walikuwa na yao, Magereza wana yao, JKT na Kimulimuli, JWTZ na Mwenge Jazz.

Soma tena hiyo orodha polepole. Kiwanda cha nguo. Bima. Mabasi. Chama cha wafanyakazi. Polisi!

Muziki mzuri kuliko wote uliopata kupigwa katika nchi hii, ambao Mzee anausimamishia hotuba zake, ulipigwa na waajiriwa. Mpiga tarumbeta alikuwa na mwajiri na mshahara wa mwisho wa mwezi. Gitaa lilikuwa mali ya shirika, vipaza sauti mali ya shirika. DDC walikuwa hata na kumbi zao, Kariakoo, Magomeni na Mlimani, watu wanalipa kiingilio wanaingia. Nani aliwaambia watu wale wachague kati ya ajira na muziki? Hakuna. Kwa sababu kulikuwa na mtu aliyewashikia lile la pili.

Na tusijidanganye kwamba ilikuwa pepo. Anayemiliki gitaa anamiliki na mpigaji. Mwanamuziki akigombana na uongozi anaondoka mikono mitupu, hana hata nyuzi. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, zikapigwa miaka nenda miaka rudi, na wengi wa walioziimba wamezeeka bila kuona nyimbo zile zinawalisha. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ilipitishwa mwaka 1999, wakati wengine walishazikwa. Kwa hiyo silii ile enzi irudi. Ninachokataa ni kuisahau kwa makusudi. Mashirika yalipofilisika na kubinafsishwa miaka ya 1990, bendi nyingi zikabaki yatima. Mkono uliokuwa unashika la pili ukakatwa. Methali ikabaki, tukatupiwa sisi.

Sisi tunaanza maisha tukiwa nyuma ya mstari. Siku nitakayoajiriwa, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wangu. Ndivyo sheria inavyosema tangu ilipobadilishwa mwaka 2016. Sina ugomvi na hilo, nilisoma kwa fedha hizo na wadogo zangu nao wasome. Lakini piga hesabu. Makato ya bodi, mfuko wa jamii, kodi ya serikali, na kodi ya chumba Sinza ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita. Kinachobaki hakitoshi hiyo moja mnayotaka niichague. Anayeniambia "chagua moja" anipe kwanza moja inayotosha. Ukimlipa mtu kwa kipande, usimdai uaminifu wa mtu mzima mzima. Miaka mitatu nimelipwa kwa habari moja moja. Kwa nini nafsi yangu ndiyo itakiwe kwa jumla?

Lakini hata mshahara ungetosha, bado ningepiga. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana naingia kwenye mapenzi.

Nimekua kwenye nyumba ya Sikinde. Kabla sijajua kusoma nilikuwa najua kwamba wimbo una sehemu mbili. Ya kwanza ni kisa, taratibu: mtu ana shida na mkewe, au na ndugu, au na mji, na anaieleza kama anayetoa ushahidi barazani, hatua kwa hatua, bila haraka. Ya pili ni chemko, magitaa yanaachiwa, na wewe msikilizaji unacheza huku kile kisa bado kiko kifuani. Baadaye, nikiwa sekondari, nikaingia kwenye kufokafoka, nikawapata Wagosi wa Kaya kutoka Tanga wakiwasema wauguzi na huduma za hospitali kwa lafudhi ya nyumbani, waziwazi. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nikajiambia, kumbe mtu anaweza kusema jambo hili hadharani na watu wakamsikiliza! Sikuingia uandishi wa habari kwa sababu ya gazeti. Mzee alikuwa ananunua gazeti siku ya mechi ya Simba na Yanga tu. Niliingia kwa sababu ya nyimbo.

Kwa hiyo mnaponiambia muziki unaniharibia kazi, mnaniambia mti unaharibiwa na mizizi yake.

Na besi inanifundisha kila wiki. Mpiga besi hasikiki sana, lakini akikosekana kila mtu anageuka kutazama jukwaa. Kazi yake ni kusikiliza wengine na kujua wapi aache nafasi. Nendeni mkawahoji watu bila kujua kunyamaza, mtaona mtapata nini. Mama mmoja aliyebomolewa kibanda aliniambia jambo kubwa kuliko yote baada ya mimi kunyamaza kwa muda mrefu nikiwa sina swali lingine. Sikujifunza hilo darasani.

Wala sisi si wa kwanza. Sote tulisoma Shaaban Robert shuleni, tukakariri, tukafaulu. Je, mnajua alikuwa anafanya kazi gani? Aliajiriwa idara ya forodha mwaka 1926 na kukaa huko hadi 1944. Baadaye akafanya kazi Tanga, ofisi ya wilaya na kisha ya upimaji, mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Aliandika vitabu vile akiwa karani wa serikali ya kikoloni. Na Mwalimu Nyerere? Mwaka 1963 alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi, vyote vya Shakespeare. Mwaka 1963 nchi ilikuwa haijafikisha hata miaka miwili ya uhuru, na yeye ndiye Rais. Mimi naambiwa sina muda kwa sababu ya habari mbili za mahakamani na mkutano wa waandishi.

Najua mtakachojibu. Mtasema Mwalimu ni Mwalimu. Sawa. Mtasema pia kuna Mbaraka Mwinshehe, aliyeacha shule akajitosa Morogoro Jazz, hakurudi nyuma, na mpaka leo, miaka mingi baada ya ajali iliyomuua mwaka 1979, gitaa lake halijapata mwenziwe. Kweli. Kuna watu wa moja. Wakigawanywa wanakufa. Mtu wa namna hiyo akichagua moja, aachwe, tena asaidiwe. Lakini yeye alichagua mwenyewe. Hakupewa hadi Ijumaa.

Sasa naomba niseme na lile ambalo hamlijui, maana nikilificha nitakuwa mnafiki.

Miezi minne iliyopita tulipiga Alhamisi kwenye sherehe fulani hadi saa tisa usiku. Ijumaa saa tatu nilikuwa mahakamani. Niliandika habari ya wizi kazini, na kwenye aya ya tatu nikabadilisha majina: jina la shahidi nikaliweka pahala pa mshitakiwa. Msimamizi wa ukurasa hakuona. Likatoka Jumamosi. Yule shahidi ni baba mwenye familia, mlinzi, aliyekwenda kusema ukweli. Jumatatu alikuja ofisini na gazeti limekunjwa mara nne. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Kijana, watoto wangu niwaambie nini shuleni?" Tulichapisha masahihisho, mistari minne, ukurasa wa ndani. Habari ya kumchafua ilikuwa robo ukurasa.

Hilo kosa si la mshahara mdogo. Si la mfumo. Ni langu. Na ndilo lililomfikisha mhariri kwenye ile sentensi yake. Kwa hiyo simwoni kama adui. Ana sababu.

Nimelifikiria kosa hilo kuliko lolote, na limenirudisha kwenye hadithi tuliyosimuliwa wote tukiwa watoto. Njia mbili zilimshinda fisi. Fisi alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama upande huu na upande ule. Akaweka miguu ya kushoto njia ya kushoto na ya kulia njia ya kulia, akaenda hivyo hivyo, mpaka akapasuka msamba. Tunaambiwa funzo ni kwamba fisi alitamani mawili. Mimi naona tumefundishwa vibaya. Kutamani nyama mbili si kosa, fisi alikuwa na njaa! Kosa lake ni kutaka kupita njia zote mbili kwa saa moja. Angekwenda ya kushoto asubuhi, akarudi, akaenda ya kulia jioni, angekula mara mbili na hadithi isingekuwepo.

Ile Alhamisi nilikuwa fisi. Nilitaka niwe jukwaani saa nane usiku na niwe timamu saa tatu asubuhi. Nikapasuka, na aliyeumia ni mlinzi wa watu.

Kwa hiyo nina maneno na upande wetu pia, washkaji zangu. Tunajificha sana nyuma ya hii lugha ya "nina mambo mengi". Wewe ni mwanamuziki ambaye huhudhurii mazoezi kwa sababu ya kazi, na kazini huonekani kwa sababu ya muziki. Ukiulizwa wimbo, uko studio "unapikwa". Ukiulizwa ripoti, "mtandao unasumbua". Huyo hana ndoto mbili. Huyo ana visingizio viwili vinavyolindana. Mtu mwenye mawili anatakiwa awe na nidhamu mara mbili ya mwenye moja, na kuna vitu vingine lazima vife ili hayo mawili yaishi. Mimi kijiwe cha Jumatano nimekiacha. Ligi ya Uingereza naisoma matokeo kama mzee wa kijijini. Mchumba wangu tuliachana mwaka jana, na sitasema ni kwa sababu ya besi, lakini besi ilitajwa. Gharama ipo. Anayewaambia inawezekana bila gharama anawauzia kitu.

Ila kutozwa gharama na kukatazwa ni vitu viwili tofauti. Niachieni gharama yangu nilipe.

Jana usiku nimeandika barua kwa mhariri. Ukurasa mmoja, kwa mkono, maana nilitaka aone nimekaa chini. Nimemwambia nataka ajira hiyo, naitaka kweli. Nimemwambia kuanzia sasa sipigi tena siku yoyote ambayo kesho yake ni ya kazi. Alhamisi imekufa, na wenzangu kwenye bendi nimeshawaambia. Mpiga solo amenuna, atapoa. Nimemwambia nichukue zamu ya Jumapili mchana hadi usiku, mwaka mzima, pamoja na sikukuu zote, Idi, Krismasi na Pasaka, zile zamu ambazo watu wanazikimbia mpaka kuugua ghafla. Badala yake naomba kitu kimoja: Jumamosi kuanzia saa kumi jioni niwe huru. Na nimemwambia akikuta jina limekosewa tena kwenye habari yangu kwa sababu ya usingizi, asiniite. Aniandikie tu.

Kama atakataa? Nimelala nikilifikiria hilo, au tuseme sikulala. Kama atasema bado ni moja, basi nitabaki wa kujitegemea, nalipwa kwa kipande, bila bima, bila tarehe. Inaniogopesha. Mama ana shinikizo la damu na dawa hazisubiri. Sijifanyi shujaa hapa. Lakini najua nikiuza gitaa ili nipate mkataba, nitakuwa mwandishi mwenye kinyongo, na mwandishi mwenye kinyongo ndiye anayeanza kupokea bahasha akijisemea kwamba dunia inamdai. Nimewaona. Nakaa nao meza moja.

Wazazi wetu na wakubwa wetu wa kazi, hatuombi mtushangilie. Tunaomba mawili tu. Mkituona tumechelewa, tumekosea, tumelala kazini, tukateni, tufukuzeni, ni haki yenu. Tupimeni kwa kazi. Lakini msituhukumu kwa kile tunachokifanya Jumamosi usiku wakati nyinyi Jumamosi hiyo hiyo mko bandani mnahesabu mayai. Na kama kweli mnaamini katika moja, basi ilipeni hiyo moja mpaka itoshe, kama mashirika yalivyojaribu kuwalipa wale mnaowasikiliza kila Jumapili kwenye redio.

Na wewe Mzee, najua dada atakusomea haya. Shikamoo. Sikukujibu siku ile kwa sababu ya heshima, na leo nimekujibu kwa sababu ya heshima hiyo hiyo. Gitaa siuzi. Jumamosi tunapiga Mwananyamala kuanzia saa tatu usiku, kiingilio shilingi elfu tano. Tunapiga na zilipendwa mbili tatu. Ukija, kiingilio juu yangu, na soda juu yangu. Nitakapofika kwenye chemko usinipigie hotuba. Subiri kwanza wimbo uishe.

Naomba kuwasilisha.